VYAMA VYA WAFANYA KAZI NA SERIKALI: MWENYE SHAMBA YAMHUSU NINI?

Msomaji, mkulima wa skimu, huenda ukaona ajabu kwamba gazeti la wakulima linaeleza habari za vyama vya wafanya kazi. Utasema: "Mimi nina ekari zangu, minazi yangu na mikorosho yangu. Sina tajiri anayenipa mshahara. Migomo ya makuli wa Kilindini yanihusu nini?" Swali hili ni la haki, nalo lastahili jibu.

Hapa Kibarani, barabara na reli za kwenda kisiwani Mombasa hupita mbele ya macho yetu. Mbolea unayotia shambani huteremshwa melini pale Kilindini, ikapakiwa, ikaletwa. Mazao yanayouzwa ng'ambo hupita njia ile ile kurudi baharini. Kila gunia limepita mikononi mwa wafanya kazi, na ujira wao ni sehemu ya bei unayolipa. Tena ujira wa kibarua unayemwita wewe mwenyewe kupalilia au kuangua nazi una kipimo chake kilichotolewa na Serikali. Kipimo hicho hakikuanguka kutoka mbinguni. Kilitokana na mazungumzo, na vyama vya wafanya kazi vina kiti katika mazungumzo hayo.

Basi ni vema kujua jinsi vyama hivyo vilivyopata kiti, kwa njia gani vilishikana na wanasiasa, vilipata faida gani na vilipoteza nini. Tukiisha kujua hayo, tutaona mkulima naye ana jambo la kujifunza.

CHAMA CHA WAFANYA KAZI NI NINI?

Mfanya kazi mmoja akimwendea tajiri wake kuomba nyongeza, tajiri aweza kumwambia, "Ukitaka baki, usipotaka nenda." Watu elfu wakienda kwa sauti moja, jibu hilo ni gumu kulitoa. Huo ndio msingi wa chama. Wanachama hutoa ada, huchagua viongozi, na viongozi huzungumza na matajiri juu ya mshahara, saa za kazi, nyumba na usalama.

Lakini mara nyingi tajiri mmoja hana uwezo wa kumaliza shida. Kodi ya nyumba, sheria za kazi, matibabu na malipo ya uzeeni ni mambo ya Serikali. Kwa sababu hiyo chama hujikuta mlangoni mwa siasa hata kama hakikukusudia. Huko Uingereza, mwaka wa 1900, vyama vya wafanya kazi vilishirikiana na wenzao kuunda kamati ya kupeleka wajumbe Bungeni. Mwaka wa 1906 kamati hiyo ilichukua jina la Labour Party, na baadaye chama hicho kikashika Serikali. Kwetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine, na sehemu kubwa ya safari hiyo ilianzia Mombasa.

MSHAHARA WA MTU MMOJA, NA SHAMBA LA MKE

Zamani kazi ya bandarini ilikuwa ya siku kwa siku. Mtu alipewa kikaratasi, yaani kibarua, na kikaratasi hicho ndicho kilichoonyesha siku alizofanya kazi. Hata leo twamwita mfanya kazi wa siku kwa jina la karatasi ile.

Mwaka wa 1939 wafanya kazi wa Mombasa waligoma. Tume ya uchunguzi ikaona kwamba shida kubwa ilikuwa nyumba na kodi yake. Vita vikaja, bei zikapanda, na ujira haukufuata. Tarehe 13 Januari 1947 mji wote ukasimama. Watu yapata 15,000 waliacha kazi: makuli, watu wa reli, wa mahoteli, hata wapishi na maboi wa majumbani. Walikutana katika uwanja wa Kiembeni, upande wa Majengo, wakaunda Chama cha Wafanya Kazi wa Kiafrika, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Mgomo ulidumu siku kumi na mbili hivi. Bwana Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, alikuja kuwasihi warudi kazini, na Serikali ikaweka baraza la waamuzi chini ya Jaji Thacker. Ujira uliongezwa. Lakini mwezi wa Agosti mwaka huo huo Kibachia alikamatwa, akapelekwa Baringo, akakaa huko miaka kumi.

Mkulima, hapa ndipo pa kusoma polepole. Kwa nini mishahara ilikuwa midogo vile? Sababu moja ni kwamba matajiri walihesabu mshahara kuwa wa mwanamume mmoja asiye na jamaa. Mke na watoto walidhaniwa kuwa shambani, wakila muhogo na mahindi waliyolima wenyewe. Maana yake ni kwamba shamba lililipa sehemu ya mshahara wa bandari. Jembe la mama huko nyumbani lilimpunguzia gharama mwenye meli, wala mama yule hakuulizwa wala hakulipwa.

Migomo ililazimisha hesabu hii ichunguzwe upya. Mwaka wa 1954 Kamati ya Carpenter ilipendekeza kwamba mshahara utoshe kumweka mtu na mkewe na watoto wake. Mwaka huo huo ndipo ulipotoka Mpango wa Swynnerton, uliotaka mkulima Mwafrika awe na cheti cha shamba lake na apande mazao ya kuuza. Mipango hii miwili ilikuwa kama pande mbili za sarafu moja: wa mjini aishi kwa mshahara wake, na wa shambani aishi kwa shamba lake. Basi usiseme kwamba habari ya makuli haikukuhusu. Walipogoma Kiembeni, walikuwa wakidai na deni la shamba.

SIASA INAINGIA

Siku ya tarehe 1 Mei 1949 ulianzishwa muungano wa vyama vya wafanya kazi wa Afrika ya Mashariki, Fred Kubai akiwa Rais na Makhan Singh Katibu Mkuu. Mwezi wa Aprili 1950 Makhan Singh alitaka hadharani uhuru wa nchi zetu. Mwezi uliofuata alikamatwa, naye hakuachiliwa mpaka mwaka wa 1961. Kubai pia alikamatwa. Serikali ya kikoloni ilikubali chama kizungumze juu ya mshahara. Juu ya uhuru haikukubali. Lakini mfanya kazi hakuona mpaka baina ya mambo hayo mawili, kwa kuwa aliyepanga mshahara na aliyeinyima nchi kura ni Serikali ile ile.

Ikaja Hali ya Hatari mwaka wa 1952, na mwaka wa 1953 chama cha KAU kikapigwa marufuku. Waafrika hawakuwa na chama cha siasa cha nchi nzima. Sauti iliyobaki ilikuwa ya vyama vya wafanya kazi, na kijana Tom Mboya ndiye aliyekuwa Katibu wa muungano wao. Mwezi wa Machi 1955 makuli wa Kilindini waligoma tena kwa maelfu. Mboya akaja Mombasa. Hakuwaambia wazidi kukaa nje. Aliwashauri warudi kazini na shauri lipelekwe mbele ya waamuzi. Likapelekwa, na ujira ukaongezwa. Jina la Mboya likajulikana nchi nzima. Mwaka wa 1957 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka wa 1960 akawa Katibu Mkuu wa KANU.

FAIDA YA KUWA KARIBU

Mwaka wa 1962 Mboya akawa Waziri wa Kazi. Mwezi wa Oktoba mwaka huo vyama vya wafanya kazi na muungano wa waajiri walitia sahihi Mkataba wa Uhusiano Kazini: mashauri yazungumzwe kwanza, na mgomo uwe wa mwisho. Mwaka wa 1964 ikaanzishwa mahakama ya mashauri ya kazi. Mwaka huo pia yalifanywa Mapatano ya Pande Tatu. Serikali ilikubali kuongeza wafanya kazi wake kwa asilimia 15, matajiri wengine kwa asilimia 10, na vyama vikakubali kutodai nyongeza ya mshahara wala kugoma kwa mwaka mmoja. Mwaka wa 1965 ikaja sheria ya Hazina ya Taifa ya Malipo ya Uzeeni, yaani NSSF.

Mfano mwingine ni wa walimu, nami nausema kama mtu aliyesomea ualimu. Zamani mwalimu huyu aliajiriwa na misheni, yule na halmashauri ya wilaya, kila mmoja kwa masharti yake. Chama cha walimu, KNUT, kilichoundwa mwaka wa 1957, kilidai mwajiri mmoja kwa walimu wote. Mwaka wa 1967 Tume ya Kuajiri Walimu ilianza kazi. Mwalimu anayemfundisha mtoto wako leo amewekwa pale na chombo ambacho chama kilikipigania.

BEI YA KUWA KARIBU

Lakini kila kitu kina bei yake. Baada ya Uhuru vyama viligawanyika. Wengine walikuwa upande wa Mboya, na Clement Lubembe aliwaongoza. Wengine walikuwa karibu na Oginga Odinga, na miongoni mwao alikuwa Dennis Akumu wa chama cha makuli wa Mombasa. Ugomvi wa wanasiasa ukawa ugomvi wa wafanya kazi. Mapema mwaka wa 1965 pande hizi zilipigana hapa Mombasa, watu wakafa na wengi wakajeruhiwa. Walikuwa ni watu wa jasho moja na mshahara mmoja.

Serikali ikafuta miungano yote miwili, na mwaka huo huo ikasajiliwa COTU, muungano mmoja wa nchi nzima. Ndani ya COTU kuliwekwa utaratibu huu: mkutano uchague majina matatu kwa kiti cha Katibu Mkuu, na Rais wa nchi ateue mmoja wao. Lubembe akawa wa kwanza. Akumu alijiunga na upinzani wa KPU mwaka wa 1966. Mwaka wa 1969 akarudi, akawa Katibu Mkuu wa COTU. Tazama basi: kiti cha kiongozi wa wafanya kazi kilipita mkononi mwa Rais kabla ya kumfikia mwenyewe.

Muungano mmoja ulikuwa na faida. Ada zilikatwa katika mshahara kwa utaratibu, vyama vikawa na fedha, na vurugu zikapungua. Lakini kiongozi anayeteuliwa na mwingine ana mabwana wawili, na bwana mwenye kalamu ndiye anayesikilizwa zaidi. Mwaka wa 1980 chama cha watumishi wa Serikali kilifutwa, na makarani wa ofisi za Serikali walikaa bila chama hata mwaka wa 2001. Ukaribu na wakubwa haukukiokoa.

Jirani zetu walikwenda mbali zaidi. Rashidi Kawawa, Katibu Mkuu wa kwanza wa muungano wa wafanya kazi wa Tanganyika ulioundwa mwaka wa 1955, alipanda hata akawa Waziri Mkuu mwaka wa 1962. Lakini baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, viongozi wengi wa vyama walitiwa kizuizini, muungano ukavunjwa, na NUTA ikaundwa kwa sheria, ikaunganishwa na TANU. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais, na wa kwanza, Bwana Michael Kamaliza, alikuwa wakati huo huo Waziri wa Kazi. Mtu mmoja alikuwa Waziri na msemaji wa wafanya kazi. Jiulize: akidai nyongeza, angemdai nani?

HALI ILIVYO SASA

Siasa ya vyama vingi ilirudi Kenya mwaka wa 1991. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kulipwa kwa haki, ya kuunda chama au kujiunga nacho, na ya kugoma. Nayo yampa mwajiri haki ya kuwa na chama cha waajiri. Sheria za mwaka wa 2007 zilikuwa zimekwisha kuweka mabaraza ya mishahara, moja la jumla na moja la kilimo. Humo hukaa wajumbe wa wafanya kazi, wajumbe wa waajiri, na watu wasio wa upande wowote. Baraza humshauri Waziri, naye hutoa amri. Ndiyo maana mara nyingi nyongeza hutangazwa siku ya tarehe 1 Mei, sikukuu ya wafanya kazi. Mwaka wa 2022 ilitangazwa asilimia 12. Mwaka wa 2024 ilitangazwa asilimia 6, ikaanza kutumika mwezi wa Novemba.

Uhusiano na wanasiasa haukwisha. Katika uchaguzi wa mwaka wa 2022 Katibu Mkuu wa COTU alimwunga mkono wazi Raila Odinga. William Ruto akashinda. Haikupita muda mrefu COTU ilikuwa mezani na Serikali mpya, maana wanachama wake walikuwa bado na mishahara ya kuzungumziwa. Wanasiasa huja na kwenda, lakini ada ya mwanachama hutolewa kila mwezi.

WEWE UKO WAPI?

Sasa turudi shambani kwako. Katika baraza la mishahara ya kilimo, kibarua wako ana msemaji. Mwenye shamba kubwa la chai au la maua ana msemaji vile vile. Wewe mwenye ekari kumi na vibarua wawili wakati wa palizi, je, nani akusemea? Amri ikitoka hukupata wewe kama inavyompata mwenye ekari elfu. Kumbuka pia kwamba kwa Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kibarua akifanya kazi kwako siku mfululizo zinazotimia mwezi mmoja, sheria humhesabu kuwa wa mshahara wa mwezi, pamoja na haki zake. Wala huna ruhusa kumfukuza kwa sababu amejiunga na chama.

Si mshahara tu. Mwaka wa 2009 Serikali ilikataza korosho ghafi kuuzwa nje ya nchi ili viwanda vya hapa vipate kazi. Amri kama hii hugusa kila mwenye mkorosho, kwa maana wanunuzi wakipungua bei hubadilika. Mwaka wa 2019 ilitolewa amri kwamba mizigo ya kwenda bara ichukuliwe kwa reli mpya. Wenye malori, wafanya kazi na wananchi wa Mombasa waliandamana kwa sababu riziki nyingi mjini hutegemea barabara hii ipitayo hapa Kibarani, na mwezi wa Oktoba mwaka huo amri ilisimamishwa. Mwaka wa 2022 Rais mpya aliagiza kazi za kutoa mizigo zirudishwe Mombasa. Waliosema pamoja walisikiwa. Aliyenung'unika peke yake chini ya mwembe wake hakusikiwa na mtu.

Kiti cha mkulima ni chama chake cha ushirika na shirikisho la wakulima. Katika ushirika kila mwanachama ana kura moja, awe na minazi kumi au mia tano. Basi tuchukue mafunzo kwa makuli:

1. Toa ada yako. Chama kinachoendeshwa kwa fedha za mwanasiasa au za mfadhili huimba wimbo wa mwenye fedha.

2. Chagua viongozi wako mwenyewe. Ukiletewa jina kutoka juu, uliza kwanza mtu huyu ataogopa kumwudhi nani.

3. Nenda mezani na hesabu. Mwaka wa 1955 Mboya alipeleka shauri mbele ya waamuzi, na shauri bila hesabu halisimami. Andika gharama zako: mbegu, mbolea, ujira wa vibarua, nauli ya gunia hata sokoni. Ofisa wa Serikali hawezi kulitetea jambo lisiloandikwa.

4. Zungumza na kila mwanasiasa, usiwe mali ya mmoja. Mbunge wa leo akianguka, chama chako kisianguke naye. Wala msipigane ninyi kwa ninyi kwa ajili yake, kama walivyopigana watu wa Mombasa mwaka wa 1965.

5. Mtendee kibarua wako kwa haki. Ukumbuke ule mshahara wa mtu mmoja, uliobebwa na shamba la mke. Ukimlipa chini ya kipimo, unaifanya tena hesabu ile ile iliyowaumiza wazazi wetu, na safari hii wewe ndiwe mwenye meli.

Serikali yoyote hupanga mambo kwa kusikiliza sauti zinazoifikia. Makuli wa Kilindini hawakuwa na shule kubwa wala mali. Walikuwa na idadi, na ada, na uwanja wa kukutania. Ninyi mna ardhi, mna vyeti, na watoto wenu wamesoma. Mkutano mkuu wa ushirika wako ukitangazwa, usimtume mtoto kwenda kusikiliza. Nenda mwenyewe, uchukue hesabu zako mkononi, na uinue mkono wako wakati wa kura. Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini.